Pumzi ya Kupimia Chupa

Mtu akikwambia chupa ya chai ni kitu cha kuchukua tu dukani ukaenda zako, huyo hajawahi kunywa kahawa iliyopoa saa tisa alasiri, kichwa kinauma na mafaili bado yamejaa mezani. Karani alikuwa ameinywa miaka kumi na mmoja, na alikuwa amechoka nayo.

Alifanya kazi masjala, chumba cha chini kabisa chenye makabati ya chuma na harufu ya vumbi na gundi. Mhudumu wa ofisi alichemsha kahawa saa mbili asubuhi. Ikifika saa nne alifunga jiko, akatia ufunguo mfukoni. Baada ya hapo, hata ungekuwa mkurugenzi, ulikunywa ulichohifadhi. Kwa hiyo kila meza ilikuwa na chupa, na chupa ilikuwa heshima ya mtu. Ya Karani ilikuwa imevunjika kioo cha ndani wiki ile, ukiitikisa inalia kama kopo la kokoto.

"Nenda kwa Mama Vyombo," Dada alimwambia. "Nyuma ya karakana za mafundi bati. Nenda jioni, anapokaribia kufunga. Ndipo anapotoa zile nzuri."

"Mbona umelijua hilo duka, nawe hutoki kitandani?"

Dada alivuta blanketi hadi kidevuni. "Watu husema."

Huyo Dada ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Karani akiwa na miaka sita, Dada akiwa na kumi na nane, na tangu siku ile Dada akawa mama, baba na kiboko. Hakujaliwa mtoto. Sasa ulikuwa mwaka mzima anaumwa baridi. Baridi tu. Jua linawaka nje, yeye ana sweta mbili na soksi za sufu. Madaktari walipima damu, wakapima mkojo, wakakosa la kusema. Kila jioni Karani alitoka kazini akapitia kwake, akamkanda miguu kwa mafuta ya mkaratusi hadi viganja vyake vikawaka. Mafuta yale yalikuwa yamemwingia kwenye ngozi. Hata ofisini walimnusa kabla hawajamwona.

"Na usisahau," Dada aliongeza, akitazama ukuta. "Mambo ya Mama."

Karani alicheka. Angesahauje? Mama yao alikuwa na namna yake ya kupima chupa, na hakuna ukoo mwingine aliowahi kuuona ukifanya hivyo. Unaigonga kwa ukucha mara tatu. Unaweka sikio mdomoni mwake, unasikiliza. Kisha unapuliza ndani, pumzi moja ndefu ya kutoka tumboni, unaziba upesi, unahesabu hadi ishirini. Ukifungua na kuweka shavu, pumzi yako ikikurudia na joto lake, hiyo ndiyo chupa. Karani alikuwa amemfundisha hata binti yake, Kijino, mwenye miaka minane na pengo mbele. Kijino alikuwa akipima kila kitu chenye kifuniko, mpaka chupa za dawa ya kikohozi.

Basi akaenda, giza likianza kuingia.

Mafundi bati walikuwa wameshaweka nyundo chini. Duka lilikuwa mwisho wa uchochoro, mlango mmoja umefungwa na mwingine wazi kidogo. Ndani palinuka jivu lililomwagiwa maji. Mama Vyombo alikuwa mwanamke mnene, mpole, amekaa kwenye kiti kifupi. Mikononi alivaa glavu nene za sufu, na jasho lilikuwa linamtiririka usoni.

"Chagua, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi sichagulii mtu."

Chupa zilijaa rafu nzima. Kulikuwa na za kubonyeza juu, ambazo Karani hakuzipenda kwa sababu zinakohoa kahawa kwenye karatasi. Kulikuwa na za plastiki zenye maua, nzuri kwa macho, lakini ukizishika nje zina joto, na chupa yenye joto nje ndani inapoa. Kulikuwa na za kioo, nyepesi, za kuvunjika kesho. Aligonga, akasikiliza, akazirudisha. Mama Vyombo alikuwa anamtazama midomo.

Ndipo akaiona ya kijani.

Ilikuwa ya chuma, ya zamani, rangi imechubuka kitakoni, na mkono wake ulikuwa wa mbao. Nje ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Hiyo ni dalili njema. Lakini kizibo chake kilikuwa vuguvugu.

"Hii imeshatumika?"

"Ilirudishwa juzi."

"Ina kasoro?"

"Haijawahi kupoza kitu," Mama Vyombo alinong'ona. "Hiyo ndiyo kasoro yake."

Karani akaona mzaha. Aligonga kwa ukucha. Ko, ko, ko. Sauti nzito, safi. Akaweka sikio.

Kitu kilivuta pumzi... kikaitoa.

Aliondoa kichwa. Akajiambia ni upepo wa uchochoroni, si ndiyo? Kila chupa inavuma ukiisikiliza. Akainamisha uso, akapuliza, pumzi moja ndefu ya kutoka tumboni. Kabla hajaziba, kitu cha moto kilimpita shavuni kikitoka nje, na harufu ya mkaratusi ikampanda puani. Alinusa viganja vyake. Naam, ni mafuta ya Dada, alijisemea, akaziba, akahesabu hadi ishirini.

Alipogeuka, Mama Vyombo alikuwa ameelekeza uso ukutani.

"Umepuliza?"

"Ndiyo. Mama yetu ndivyo alivyotufundisha."

Yule mwanamke alivua glavu, moja baada ya nyingine, akazikunja mapajani.

"Basi ni yako," alisema.

Siku ya kwanza kahawa ilifika saa kumi jioni ikiwa inatoa mvuke. Jirani yake wa meza, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Mhuri kwa sababu hakuna karatasi aliyoiacha bila kuigonga, alionja akaruka.

"Karani! Hii umeitoa jikoni au jehanamu?"

"Tatizo lako umezoea maji ya bomba."

Walicheka. Bwana Mhuri alikuwa na mengi ya kumtania, na alilopenda zaidi ni kifilimbi chake. Pua ya Karani, upande wa kushoto, ililia kidogo kila alipovuta pumzi, tangu utotoni. Dada alizoea kusema hata gizani hawezi kumpoteza mdogo wake.

Jioni ile alimkuta Dada amekaa kitako kitandani. Ametupa sweta moja. Kesho yake ametupa ya pili. Siku ya tatu alikuwa jikoni, anaimba, anakaanga vitunguu, shingo ina jasho. Karani alimkumbatia akalia kwa furaha. Aliona Mungu ameyasikia mafuta yake ya mkaratusi.

Dada hakumkumbatia kwa nguvu. Alimpigapiga mgongoni mara mbili, akarudi kwenye kikaango.

Ijumaa Karani alisahau chupa ofisini ikiwa na kahawa nusu. Jumatatu asubuhi aliifungua aimwage. Mvuke ulipanda hadi kwenye miwani. Kahawa ya siku tatu, na iliunguza ulimi. Bwana Mhuri hakutania. Aliitazama ile chupa, kisha akampokea faili, na vidole vyao vikagusana.

"Karani... umeshika barafu?"

"Ni feni hiyo."

Feni ilikuwa imeharibika tangu mwezi uliopita, na wote wawili walijua.

Alianza kuvaa sweta. Kisha sweta na shali. Kijino, ambaye hakulala bila kujikunja tumboni mwa mama yake, alisogea ukingoni mwa kitanda. "Mama, unanichoma na baridi," alisema, akavuta mto wake. Karani aliumia, akasingizia homa. Lakini homa huja na joto, na yeye hakuwa nalo hata kwapani.

Siku ya tisa alivua miwani aifute, kama wanavyofanya makarani wote duniani: unakihemea kioo kikafifia, unapangusa kwa pindo la nguo. Akahema.

Kioo hakikufifia.

Akahema tena, mdomo wazi, karibu kabisa.

Kikavu. Safi.

Masjala ilikuwa kimya. Bwana Mhuri alikuwa amepanda juu na barua. Hapo ndipo Karani aligundua kitu ambacho alikuwa amekikosa siku zote hizo bila kujua ni nini. Hakuwa anasikia kifilimbi chake. Alivuta hewa puani kwa nguvu. Kimya. Akavuta tena...

Fiii.

Haikutoka puani mwake. Ilitoka mezani.

Alifungua kizibo, akainamisha sikio. Ndani, chini ya ile harufu ya kahawa, mtu alikuwa anapumua taratibu kama aliyelala. Na kila alipovuta, upande wa kushoto ulilia. Fiii... Fiii...

Hakuomba ruhusa. Alitoka na chupa kwapani, akapita karakana za mafundi bati huku nyundo zikilia, akasukuma mlango wa lile duka.

Mama Vyombo hakushtuka. Mikono yake ilikuwa wazi, na paji la uso lilikuwa kavu.

"Sipokei," alisema kabla hajaulizwa. "Siipokei mara ya pili ikiwa na mtu ndani."

"Mtu gani?"

"Unajua ni nani. Si umemsikia?"

Karani aliishikilia meza. "Wewe ulisema ilirudishwa. Nani aliirudisha?"

Yule mwanamke alitazama mlangoni, akasogea, akanong'ona. "Mwanamke wa sweta mbili. Alikuja akitetemeka mpaka meno yanagongana. Nilimwambia sharti: anayetoka lazima mwingine aingie, wa damu moja, na aichague kwa mkono wake. Ukimpa kama zawadi haikubali. Akakaa hapo uliposimama, akafikiri mchana kutwa. Nikadhani anafikiria wapi aiweke." Alitikisa kichwa. "Alikuwa anachagua mtu."

Karani hakukumbuka namna alivyofika kwa Dada. Alikumbuka tu kwamba jua lilikuwa linashuka na halikumfikia mwilini.

Dada alikuwa amekaa dirishani na gauni lisilo na mikono, anajipepea kwa kadibodi. Aliiona chupa kwanza. Kisha akauona uso wa mdogo wake, na kadibodi ikasimama.

"Nipe mkono wako, Dada."

"Kaa kwanza, Mdogo wangu."

"Nipe mkono."

Aliupata. Ulikuwa wa moto, laini, wenye jasho katikati ya kiganja. Karani aliushika kwa mikono yake yote miwili, na Dada akakunja uso kwa ubaridi.

"Mwaka mzima nimekukanda miguu."

"Najua."

"Nilitumia likizo yangu yote humu ndani. Mtoto wangu alikuwa analala kwa jirani ili mimi nikukande wewe."

"Najua. Nilikuwa nakuangalia." Dada alizungumza polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. "Kila ulipoweka viganja vyako kwenye nyayo zangu nilikuwa nafikiri, ona alivyo na joto huyu. Ona lilivyo jingi. Sikutaka kufikiri hivyo. Lakini baridi ikifika kifuani, inafikiri yenyewe."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Karani alikuwa akiusikia msemo huo tangu shule ya msingi, na hakuwahi kudhani kwamba nguo yenyewe itakuwa ile iliyombeba mgongoni.

"Imetoka wapi hii chupa?"

"Ya Mama. Mama Vyombo ndiye aliyemuuzia."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Walisubiri apite.

"Ilikuwa chini ya kitanda chake, imefungwa kwenye kitambaa," Dada alisema. "Wewe ulikuwa mdogo. Unakumbuka alivyokuwa anatufukuza tusikaribie kitanda?"

Karani alikumbuka. Alikumbuka blanketi tatu, na mama mpole aliyegeuka mkali wiki za mwisho, akipiga kelele kila walipotaka kufagia uvunguni. Walidhani ni ugonjwa umemharibu akili.

"Alijua sharti," Dada alisema. "Alikuwa nasi wawili, angeweza kuchagua yeyote. Akanyamaza, akafa nayo. Mwaka jana nikafungua sanduku lake nikaikuta. Nikaona chupa nzuri. Nikaipima..." Akafuta macho kwa nyuma ya kiganja. "Si ndivyo alivyotufundisha?"

"Yeye alinyamaza."

"Mimi sina moyo wa Mama."

"Ungeniambia! Tungetafuta njia pamoja!"

"Njia ni wewe. Sharti ni damu moja." Kisha Dada akasema neno ambalo Karani hakumsamehe, hata baada ya mengine yote kuzoeleka. "Na ningeweza kumchagua Kijino. Yeye hupuliza hata bila kuambiwa. Nilimhurumia. Ushukuru kwa hilo."

Karani alisukuma chupa mbele yake, akafungua kizibo. "Basi puliza. Jirudie mwenyewe."

Dada alitabasamu kwa huzuni. "Mdogo wangu, mimi sasa sipulizi kitu. Hata uji nangoja upoe wenyewe."

Fiii, ilisema chupa katikati yao.

Karani aliiziba. Alisimama, na magoti yakamchukua muda kunyooka.

"Mimi sitamfanyia mtu hivi," alisema. "Sikiliza vizuri, Dada. Nitakufa nayo kama Mama."

"Nilisema hivyo hivyo," Dada alijibu. "Nilisema kwa miezi kumi." Akarudia kujipepea, taratibu, akitazama nje.

Kijino alimpokea mlangoni, akaruka kumkumbatia, akasita alipougusa mkono wake. Macho yake yakaiona chupa.

"Hiyo ndiyo mpya? Ile ya ofisini? Mbona hukuileta siku zote?" Alinyoosha mikono. "Nikupimie, Mama?"

Jibu lilikuwa moja tu, na mama yeyote analo ulimini. Karani alilitafuta. Alimtazama mtoto: mashavu yaliyotoka kucheza, nywele zenye jasho, kile kijoto kinachotoka kwa watoto jioni, ambacho ungeweza kukisikia ukiwa umesimama hatua mbili. Alikisikia. Kilimfikia kifuani kama moto wa jirani.

"Hapana," alisema hatimaye. "Usiiguse. Umesikia? Kamwe."

Lakini alikuwa amechelewa kujibu, naye alijua.

Aliichukua chupa aipandishe juu ya kabati, mahali ambapo hata yeye huhitaji kiti. Alikuwa na hakika ndivyo alivyofanya. Alikunywa maji ya moto, akajifunika blanketi mbili na koti, akalala akiwaza moyo wa Mama ulikuwa wa namna gani, na ulinunuliwa wapi.

Alfajiri, mwanga ukianza kupenya pazia, aliamka kwa mlio wa birika. Nafasi ya Kijino kitandani ilikuwa tupu. Huyo mtoto, siku za shule, hupenda kumwandalia mama yake kahawa ya kwanza kabla hajaamka. Karani alitabasamu gizani mwa blanketi. Kisha akakumbuka chupa, na akakumbuka pia, wazi kabisa kama picha, mahali alipoiweka jana. Si juu ya kabati. Mikono yake ilikuwa imeiweka rafu ya chini, pembeni ya vikombe vya mtoto.

Jikoni, ukucha mdogo uligonga chuma.

Ko... ko... ko.

Kisha kimya. Kimya cha mtu aliyeweka sikio.

"Naamka," Karani alijiambia. Mdomo ulikuwa wazi, jina la mtoto liko pale pale kwenye ulimi, na hatua kutoka kitandani hadi jikoni hazizidi saba. Blanketi lilikuwa zito. Baridi ilikuwa imeshafika kifuani.

"Naamka sasa hivi," alijiambia tena, na akaanza kuhesabu.